Kwa nini walowezi wa Jamestown walikufa njaa kando ya mto wenye samaki?

Swali: *Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Kitabu tunachotumia kinasema kwamba Waingereza walioanzisha makazi ya Jamestown, Virginia, mwaka 1607 walikufa kwa njaa kwa sababu wengi wao walikuwa mabwana wavivu waliotafuta dhahabu na kukataa kushika jembe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: ikiwa mto ulikuwa na samaki, msitu ulikuwa na kulungu, na wenyeji jirani walikuwa wakilima mahindi na kushiba, mtu anakufaje njaa hapo, hata akiwa mvivu? Nilishindwa kumjibu. Je, uvivu unatosha kueleza vifo vile? Ni kweli kwamba walikula nyama ya watu? Na kwa nini wenzao wa Plymouth walifanikiwa pale ambapo hawa walishindwa?*

Mwalimu, mwanafunzi wako ameona jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Mvivu mwenye njaa huamka akavua samaki. Hakai kando ya mto hadi afe, tena pamoja na wenzake kwa mamia. Uvivu hautoshi. Ulikuwapo kwa kiasi fulani, lakini sehemu kubwa ya kile kilichoitwa uvivu ilikuwa dalili ya ugonjwa na utapiamlo. Sababu zenyewe zilikuwa katika maji waliyokunywa, katika mvua ambayo haikunyesha, na zaidi ya yote katika mpango wa watu waliotumwa kuishi kwa chakula ambacho mtu mwingine alitarajiwa kukitoa.

Tuanze na chanzo cha hadithi ya uvivu. Kati ya wanaume na wavulana 104 walioachwa Jamestown mwaka 1607, karibu nusu waliandikishwa kama mabwana, yaani watu wa tabaka ambalo kwao kazi ya mikono ilikuwa aibu. Kapteni John Smith, aliyekuwa kiongozi wa makazi hayo tangu Septemba 1608, aliwalaumu waziwazi, na ndiye aliyeweka amri maarufu kwamba asiyefanya kazi asile, amri iliyotoka katika waraka wa pili wa Paulo kwa Wathesalonike. Smith alikuwa shahidi wa karibu na maneno yake yana uzito, lakini alikuwa pia mtu mwenye kujitetea, mwana wa mkulima aliyegombana na mabwana hao tangu wakiwa baharini. Wakuu wa Kampuni ya Virginia huko London nao walifurahia maelezo hayo, kwa sababu lawama ikiwaangukia wafu haiwafikii waliopanga safari.

Ushahidi wa ardhini hauafiki picha ya watu waliokaa tu wakisubiri. Walifika mahali hapo katikati ya Mei 1607, na George Percy, mmoja wa mabwana hao, aliandika kwamba kufikia tarehe 15 Juni walikuwa wamemaliza kujenga ngome yenye umbo la pembetatu. Kukata miti, kuiburuta, kuchimba mitaro na kusimamisha boma la magogo kwa muda wa mwezi mmoja, katika joto ambalo hawakulizoea, si kazi ya wavivu. Wanaakiolojia walioanza kuchimba mahali hapo mwaka 1994 wakiongozwa na William Kelso walizikuta alama za boma hilo, pamoja na vifaa vya mafundi wa aina nyingi.

Kazi zilikuwapo, lakini hazikuwa kazi za chakula. Hapa ndipo ningependa wanafunzi wako wakae kidogo. Kampuni ya Virginia, iliyopewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1606, ilikuwa mradi wa wanahisa waliotaka faida. Walowezi waliagizwa kutafuta madini na njia ya kwenda bahari ya upande wa pili wa bara, kisha wakatakiwa kupeleka mbao, lami na vioo. Mwaka 1608 meli ilipakia udongo wenye kumetameta uliodhaniwa kuwa dhahabu, na ulipofika London ukaonekana kuwa hauna thamani. Chakula kilitazamiwa kitoke sehemu mbili: maghala ya meli kutoka Uingereza, na biashara na wenyeji, ambao wangepewa shanga na shaba na kutoa mahindi. Hakuna mtu London aliyejiuliza kwa dhati itakuwaje meli zikichelewa na wenyeji wakikosa akiba katika mwaka uleule.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndiyo yaliyoua kwanza. Kampuni ilikuwa imeonya kwamba wasijenge mahali pa chini penye unyevu, kwa kuwa si pa afya. Ilitaka pia makazi yawe ndani ya mto, mbali na meli za Wahispania, na penye kina cha kutosha. Sharti la ulinzi lilishinda sharti la afya. Walichagua rasi iliyokaribia kuwa kisiwa katika mto walioupa jina la mfalme wao, mahali ambapo meli ziliweza kufungwa kwenye miti ya ukingoni, lakini penye kinamasi pande zote. Wapaspahegh, ambao eneo hilo lilikuwa lao, hawakuwa na kijiji pale.

Katika sehemu hiyo mto James bado unafuata bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa masika maji ya mto huwa mengi na huisukuma chumvi kurudi baharini. Kiangazi yanapopungua, chumvi hupanda juu, kama wanavyojua wakulima wanaoishi karibu na mlango wa mto Pangani, ambao huona maji ya bahari yakiingia mtoni mvua zikiadimika. Mahali ambapo maji baridi na maji ya chumvi hukutana, tope na uchafu hunaswa. Havishuki baharini, bali huenda na kurudi pamoja na maji. Katika miezi ya joto, mpaka huo wa chumvi hukaa karibu kabisa na Jamestown. Uchafu wa ngome uliishia mtoni, na mto ndio uliokuwa kisima. Percy aliandika kwamba maji yakijaa yalikuwa ya chumvi sana, na yakipwa yalijaa tope na uchafu.

Mtu anayekunywa maji kama hayo kwa wiki kadhaa huvimba, hulegea, hushikwa na hasira na kukosa hamu ya kufanya lolote. Akipata pia kuhara damu au homa ya matumbo, magonjwa ambayo dalili zake zinatambulika katika maelezo ya Percy, atakufa au atabaki amelala wakati wenzake wanapaswa kuvua na kupalilia. Vifo vilianza kufuatana kuanzia tarehe 6 Agosti 1607, na mtu wa kwanza katika orodha ya mwezi huo alikufa kwa kuhara damu. Meli ya Kapteni Christopher Newport iliporudi Januari 1608, waliobaki hai walikuwa 38 tu. Na chakula chao wakati huo, kwa maelezo ya Smith, kilikuwa nusu painti ya ngano na kiasi kama hicho cha shayiri kwa siku, iliyochemshwa kwa maji, nafaka iliyokaa wiki 26 ndani ya meli na kujaa funza.

Percy mwenyewe, baada ya kutaja uvimbe, kuhara na homa kali, aliandika kwamba wengi walikufa kwa njaa tu. Kwa nini basi ninayapa maji uzito zaidi katika kiangazi hicho? Kwa sababu ya mfuatano wa vifo: vilipanda chumvi ilipopanda na kupungua msimu wa joto ulipopita. Lakini katika vuli hiyohiyo wenyeji walianza kuwaletea mkate wa mahindi, samaki na nyama, hivyo nafuu ya maji na nafuu ya chakula zilikuja karibu pamoja, na hakuna anayeweza kuzitenganisha kabisa. Utapiamlo na maradhi vilisaidiana kuua.

Sababu ya pili haikuweza kuonekana na mtu yeyote wa wakati ule kwa ukubwa wake wote. Mwaka 1998 watafiti waliosoma pete za ukuaji za miti mikongwe ya saiprasi katika kusini-mashariki ya Virginia na jirani zake walichapisha matokeo yaliyobadilisha mjadala: miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa kipindi cha miaka saba kikavu kuliko vyote katika eneo hilo kwa takribani miaka 770. Miti hiyohiyo ilionyesha pia kwamba ukame mkali sana ulikuwapo kati ya 1587 na 1589, wakati uleule ambapo makazi mengine ya Waingereza, yale ya Roanoke katika North Carolina ya leo, yalitoweka. John White, gavana wake, alirudi mwaka 1590 baada ya vita na Hispania kumchelewesha, akakuta watu hawapo na neno CROATOAN limechongwa kwenye nguzo. Ukame hauthibitishi kilichowapata watu wa Roanoke, lakini unaeleza kwa nini kukaa pale kungekuwa vigumu mno.

Ukame wa Jamestown ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulipunguza maji ya mto na kuiruhusu chumvi ipande zaidi, na ulipunguza mavuno ya wenyeji. Hapa lazima turekebishe sehemu ya swali lako, Mwalimu, inayosema kwamba majirani walikuwa wakishiba. Watu wa Tsenacomoco, nchi iliyokuwa chini ya mtawala mkuu Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan, walikuwa wakulima hodari. Yeye aliunganisha takribani makabila 30, watu wapatao 14,000 au 15,000. Wanawake wao walipanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, kilimo mseto ambacho mkulima wa kwetu atakitambua mara moja, kwa kuwa mazao hayo yenyewe yalitujia kutoka bara hilo. Hata katika mwaka mzuri, hata hivyo, mahindi hayakuwatosha mwaka mzima. Masika walihamia kwenye samaki na chaza, kiangazi mapema walichimba mizizi ya kinamasini, na baridi walitawanyika kuwinda. Shibe yao ilitokana na kuhama kwa wakati unaofaa, si na ghala lililojaa. Mgeni aliyekaa mahali pamoja ndani ya boma na kudai nafaka mwezi baada ya mwezi alikuwa anadai sehemu ya mbegu na akiba ya watoto wao.

Mwanzoni Wahunsenacawh alitoa chakula, kwa hesabu zake za kisiasa: alitaka shaba, mapanga na bunduki, na alitaka wageni wawe chini yake kama makabila mengine. Ukame ulipoendelea na wageni wakaongezeka, mahindi yakawa machache na mabadilishano yakageuka kuwa unyang'anyi wa mtutu. Smith alisifika kwa kupata nafaka, lakini mara nyingi aliipata kwa vitisho, na deni la vitisho hivyo lililipwa na waliobaki baada yake. Katika masika ya 1609 akiba iliyokusanywa kwa taabu iligunduliwa kuwa nusu yake imeoza na iliyosalia imeliwa na panya waliokuja na meli za Waingereza wenyewe. Smith aliwatawanya watu, wengine wakaishi kwenye miamba ya chaza, wengine wakaenda kuvua, na idadi kubwa ikapona. Kumbe walijua la kufanya pale walipokuwa huru kutembea.

Majira ya baridi yaliyofuata, yale yaliyoitwa Wakati wa Njaa, hayakuwapa uhuru huo. Mnamo Juni 1609 msafara wa meli tisa uliondoka Uingereza na mamia ya walowezi wapya. Kimbunga kiliupiga mwezi Julai. Meli kuu, Sea Venture, iliyobeba viongozi na sehemu kubwa ya mahitaji, ilipanda mwamba huko Bermuda. Meli nyingine zilifika Jamestown mwezi Agosti zikiwa na watu wengi na chakula kidogo. Smith aliungua vibaya kwa baruti akarudishwa Uingereza mwezi Oktoba, na Percy, mgonjwa mwenyewe, akashika uongozi. Mwezi Novemba wapiganaji wa Wahunsenacawh waliizingira ngome. Aliyetoka kuwinda au kuvua aliuawa. Nguruwe waliofugwa kwenye kisiwa cha karibu walichinjwa na wazingiraji. Hili ndilo jibu la moja kwa moja kwa mwanafunzi wako: samaki walikuwapo, kulungu walikuwapo, ila kati yao na mlowezi kulikuwa na mishale ya watu ambao walikuwa wameamua kwamba wageni hawa wasiendelee kula jasho lao.

Walikula farasi, kisha mbwa, paka, panya na nyoka, kisha ngozi za viatu. Watu karibu 300 walikuwa ndani ya ngome mwanzoni mwa baridi. Mei 1610 walibaki 60 hivi. Na ndiyo, Mwalimu, walikula nyama ya watu. Kwa muda mrefu wanahistoria walibishana, wakishuku kwamba Percy na wengine walitia chumvi. Mwaka 2012 fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa takribani miaka 14, Mwingereza, vilipatikana katika shimo la taka ndani ya ngome, pamoja na mifupa ya farasi na mbwa wa kipindi hicho. Mwaka uliofuata Douglas Owsley wa Taasisi ya Smithsonian alieleza alama za visu na shoka zilizokuwa juu ya mifupa hiyo, baadhi zikiwa hafifu na za kusitasita, zilizokatwa baada ya msichana kufa. Hakuna ushahidi kwamba aliuawa kwa ajili hiyo. Jina lake halijulikani. Watafiti humwita Jane. Nakushauri uwaambie wanafunzi ukweli huu bila kuukuza, na uutaje kama kilichompata mtoto.

Viongozi nao hawana budi kubeba sehemu yao ya lawama. Percy aliposhuka hadi Point Comfort, kwenye mlango wa mto, masika ya 1610, alikuta kikosi kidogo cha Waingereza kikiwa na afya njema, kina kaa wengi kiasi cha kuwalisha nguruwe wake, huku wenzao wakifa juu ya mto. Maji ya pale na chakula cha pwani viliwaokoa, na hawakuwa wametuma habari. Kwa hiyo hata ndani ya ukame na vita kulikuwa na nafasi ya kuokoa watu, na ilipotea kwa ubinafsi na amri mbovu. Waliookoka Bermuda walifika Mei kwa merikebu mbili walizojijengea, wakaona hali, wakaamua kuondoka na kila mtu. Walikuwa tayari wanateremka mtoni mwezi Juni walipokutana na msafara wa gavana mpya, Lord De La Warr, uliobeba chakula na watu wapya, wakarudi.

Kuhusu Plymouth, makazi ya Waingereza yaliyokuwa kaskazini zaidi, katika Massachusetts ya leo, sikubaliani na neno kufanikiwa. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 mwishoni mwa 1620, na karibu nusu yao walikuwa wamekufa kabla baridi ya kwanza haijaisha, wengi kwa kiseyeye, nimonia na baridi yenyewe. Waliobaki walikuwa na nafuu ambazo hawakuzitengeneza wao. Walikaa Patuxet, kijiji kilichoachwa wazi na tauni ya 1616 hadi 1619, hivyo mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa na chemchemi za maji baridi zilikuwapo. Tisquantum, mtu wa kijiji hicho aliyetekwa mwaka 1614 akapelekwa Hispania kisha Uingereza, alikuwa amerudi na kukuta jamaa zake wote wamekufa. Alijua Kiingereza na akawafundisha kupanda mahindi. Ousamequin, kiongozi wa Wawampanoag, alifanya nao mapatano Machi 1621 kwa sababu tauni ilikuwa imewadhoofisha watu wake mbele ya jirani zao Wanarragansett. Wahunsenacawh hakuwa na haja kama hiyo.

Usimalize somo kwa kusema kwamba tumbaku iliokoa Jamestown. Mlowezi John Rolfe alipofaulu kuistawisha kuanzia mwaka 1612 hivi, iliiokoa biashara ya Kampuni. Watu waliendelea kufa, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kupanda zao la fedha, uongozi ulilazimika kuamuru mahindi yapandwe kwanza. Tumbaku ilihitaji ardhi, jambo lililoleta shambulio la Machi 1622 ambamo walowezi 347 waliuawa na kisha miaka ya kulipiza kisasi dhidi ya wenyeji. Ilihitaji pia mikono. Agosti 1619 meli ya White Lion ilishusha Point Comfort Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa katika eneo la Angola ya leo, watu wa jamii za Kibantu, walioporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Mwaka 1624 mfalme aliifuta Kampuni, na hesabu ya watu ya 1625 ilikuta walowezi wapatao 1,200 tu, ingawa maelfu kadhaa zaidi ya hao walikuwa wamepelekwa tangu 1607.

Darasani, mpe mwanafunzi wako maelezo ya Percy kuhusu maji ya mto na yale ya Smith kuhusu uvivu, umwache apime nani aliandika nini na kwa sababu gani. Angalia tarehe: Waingereza wa wakati ule walitumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 10, ndiyo maana vitabu hutofautiana.

Ikiwa unakusudia kuandika tasnifu au kitini kuhusu jambo hili, usitegemee jibu langu peke yake. Nenda katika idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, ukae na mhadhiri anayefundisha historia ya dunia ya Atlantiki, na umwombe mkutubi akuonyeshe maandishi ya Percy na Smith katika matoleo yenye maelezo ya pembeni, kwa kuwa Kiingereza chao ni cha zamani na neno moja laweza kukupotosha. Na kama kuna mwanafunzi ambaye habari ya Jane imemgusa vibaya, hasa aliyewahi kuishi na njaa nyumbani, zungumza naye ana kwa ana, au umshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha kabla ya kipindi kinachofuata.